Wazee wetu wana kifua kikuu, sisi tunasema ni uzee

Leo naomba tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, tuongee habari za wazee wetu.

Mwaka jana bibi yangu alianza kukohoa. Anaishi juu, njia ya kupandia Old Moshi ukitokea hapa Kiboriloni, yuko kwenye kihamba na kitukuu mmoja anayesoma shule ya msingi. Kila nikimpigia simu namuuliza, "Shikamoo bibi, kifua vipi?" Ananijibu, "Marahaba baba, ni moshi wa kuni tu huu." Nami naridhika, namtumia hela ya dawa ya kikohozi, basi. Chupa zikaisha, miezi ikapita, bibi akazidi kukonda. Majirani wakasema ni uzee na ile sukari yake. Makohozi yalipokuja kupimwa, majibu yakawa kifua kikuu.

Nilishangaa. Mtu haendi popote zaidi ya kanisani na sokoni, TB kaitoa wapi? Kumbe mara nyingi mzee hakuambukizwa jana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wameshaambukizwa vimelea vya TB, na wengi wao hawataugua maisha yao yote. Vimelea vinakaa kimya mwilini hata miaka 40 au 50. Kinga ikishuka kwa umri, lishe duni au kisukari, vinaamka. Kisukari peke yake kinaongeza hatari ya kuugua mara mbili hadi tatu. Ndiyo maana utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta TB imeenea zaidi kwa watu wenye umri mkubwa kuliko kwa vijana. Hata Japani, ambayo mwaka 2021 kwa mara ya kwanza ilishuka chini ya wagonjwa wapya 10 kwa kila watu 100,000, wagonjwa wake wengi ni wazee.

Tatizo la pili ni dalili. Sisi tunasubiri mtu ateme damu. Mzee anaweza asiteme damu wala asipate homa kali. Anakosa hamu ya kula, anakonda, anachoka, wengine wanachanganyikiwa kidogo. Hayo yote sisi tunayaita uzee.

Tatu ni woga. Wazee wa huku wanaikumbuka Kibong'oto, kule Siha, iliyoanza mwaka 1926 kama mahali pa kulaza wagonjwa wa kifua kikuu. Miaka ile dawa za kuponya hazikuwepo. Mtu alikwenda akakaa muda mrefu, mwingine hakurudi. Leo Kibong'oto ni hospitali kubwa ya magonjwa ambukizi, na mwaka 2009 ndipo matibabu ya TB sugu yalipoanzia nchini. Lakini kwa bibi jina lile bado linatisha, na nadhani ndiyo sababu alishikilia hadithi ya moshi wa kuni.

Sasa tuje kwenye hoja yangu. Dawa za TB zinatolewa bure. Matibabu ya kawaida ni miezi sita, miwili ya dawa nne na minne ya dawa mbili. Na Tanzania siyo mgeni kwenye jambo hili. Tangu mwaka 1977 Dk. Karel Styblo na mpango wetu wa taifa walijenga hapa utaratibu ambao miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliusambaza kwa jina la DOTS. Msingi wake mmoja ni kwamba mgonjwa anameza dawa mbele ya mtu. Kuanzia mwaka 2006 mgonjwa akaruhusiwa kuchagua kumezea nyumbani, akiwa na msimamizi wake wa karibu.

Huyo msimamizi ni nani sasa? Kilimanjaro ni kati ya mikoa yenye sehemu kubwa ya wazee nchini, na watoto wao tuko Dar, Arusha, Mwanza. Utaratibu umejengwa juu ya familia ambayo haipo nyumbani. Kwa bibi, msimamizi alikuwa yule kitukuu wa darasa la nne. Jamani, ni haki hiyo?

Na kwa mzee usimamizi siyo kuhesabu vidonge tu. Rifampisini inapunguza nguvu ya baadhi ya dawa za sukari na za presha. Dawa nyingine za TB zinaweza kuumiza ini au macho, na ini la mzee ndilo linaloumia kirahisi zaidi. Anatakiwa mtu mzima wa kubeba vidonge vyote vya mzee, hata vya presha, na kumwonyesha daktari. Pia wa kumwambia mzee asishtuke mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa.

Msimtengee kikombe wala sahani pia, TB haiambukizi kwa vyombo. Inapita hewani mtu akikohoa. Fungueni madirisha, na watoto wa nyumba hiyo wapelekwe kupimwa.

Wito wangu: serikali za mitaa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawe na orodha ya wazee wanaoishi peke yao, wapitiwe majumbani. Na wewe mdau unayesoma hii hapo kafe, Desemba tukipanda wote nyumbani, kabla ya ndafu na mbege, mpeleke mzee akapimwe. Kikohozi cha wiki mbili kinatosha.

Bibi amemaliza dozi, anapalilia migomba. Shangazi alihamia kwake ile miezi sita. Asingehamia, sijui.

Nawasilisha. Kwenu nani anawasimamia wazee?