Oktavo si saizi, ni thumuni!

Leo nataka tuongee kuhusu neno ambalo sisi tunaotafsiri programu huliruka kila tukikutana nalo: oktavo. Utalipata kwenye orodha za maktaba na kwenye mambo ya kupanga vitabu, pamoja na ndugu zake folio na kwarto. Ukimwuliza mtu maana yake atakwambia ni saizi ya kitabu kidogo. Mimi nasema hapana.

Oktavo ni hesabu ya kukunja. Hebu chukua karatasi moja uikunje katikati. Una vipande 2, yaani kurasa 4 za kuandika. Hiyo ni folio. Kunja tena: vipande 4, kurasa 8. Hiyo ni kwarto. Kunja mara ya tatu: vipande 8, kurasa 16. Hiyo ndiyo oktavo, kutoka Kilatini "in octavo", yaani katika sehemu ya nane. Kisha mikunjo inakatwa pembeni ili kitabu kifunguke.

Kwa hivyo ukubwa wa kitabu unategemea karatasi uliyoanza nayo! Oktavo mbili zaweza kupishana kimo na zote zikawa oktavo halali. Aldus Manutius wa Venice alipochapisha mashairi ya Virgil kwa oktavo mwaka 1501, msomaji alipata kitabu cha kushika kwa mkono mmoja, lakini jina lilieleza kazi iliyofanyika, si sentimita.

Waandishi wa programu tunaifahamu hesabu hii: 2, 4, 8, 16. Hata A4 tunayochapia kila siku ni ndugu yake. Ile 4 ni idadi ya mara ambazo A0, karatasi ya mita 1 mraba, imegawanywa katikati. Ndiyo maana A0 moja inatoa A4 16.

Sasa kinachoniudhi. Tukifika kwenye maneno kama haya, kuna wanaosema Kiswahili hakina msamiati, tuache Kiingereza kama kilivyo. Wengine wanaandika "saizi ndogo" na kumpoteza mtumiaji kabisa. Jamani, Kiswahili kinayo! Sehemu ya mbili ni nusu, ya nne ni robo, ya nane ni thumuni. Folio ni mkunjo wa nusu, kwarto ni mkunjo wa robo, oktavo ni mkunjo wa thumuni. Najua Wakenya wengi watafikiria sarafu ya senti 50, lakini fungua kamusi: thumuni ni sehemu ya nane, sawasawa na Kilatini.

Tena lugha yetu si mgeni katika kazi ya kujalidi vitabu. Neno "ukurasa" limetoka kwa Kiarabu kurrasa, yaani daftari, au fungu la karatasi zilizokunjwa pamoja. Kwetu likawa upande mmoja wa karatasi, na leo tunasema ukurasa wa tovuti bila kusita. Kama neno hilo limesafiri kutoka kwenye uzi na sindano hadi kwenye kioo cha tarakilishi, thumuni itashindwa na nini?

Ushauri wangu kwa watafsiri wenzangu: kabla ya kusema neno halipo, uliza kwanza lile la kigeni linafanya kazi gani. Mnaonaje?