Kufundisha Nyumbani Nako ni Kazi



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, za viatu vya kazini, za saa za ziada zisizolipwa, na za wenzetu waliofukuzwa bila barua. Hayo yote ni mambo ya haki na hatuyaachi. Lakini leo twaomba nafasi tuseme juu ya kazi moja ambayo haijapata kuandikwa katika ajenda ya mkutano wa tawi letu hata siku moja, nayo ni kazi ya mzazi anayemfundisha mtoto wake nyumbani. Wapo watakaocheka na kusema hayo ni mambo ya mume na mke, si ya chama. Twawaomba watusikilize kwanza, kisha wakipenda wacheke.

Shule zote za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Madarasa ya mitihani yalirudi mwezi wa Oktoba mwaka ule, na mengine yakaanza kurudi kidogo kidogo mwaka 2021, lakini mwezi wa Juni 2021 milango ikafungwa tena. Zilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi karibu milioni 15 walipatwa na jambo hili. Watoto wa madarasa ya chini kabisa hawakukaa darasani kwa karibu miezi 22, na kufungwa huko kulihesabiwa kuwa kwa muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani.

Sisi tunakaa Malaba, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mpakani. Mmoja wetu hupakua mizigo katika bohari, na mwenziwe hushona nguo. Shule za Kenya zilipofunguliwa kwa madarasa yote mwezi wa Januari 2021, ng'ambo ya pili ya daraja watoto wakavaa sare na kwenda shule, na wetu wakabaki uani. Binti yetu, aliyekuwa na miaka 10 na darasa lake la tatu, alituuliza kwa nini korona inawaogopa watoto wa Kenya. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Basi tukawa walimu bila kuomba kazi. Siku za kwanza tulijiona hodari. Tuliandika ratiba kwenye kipande cha boksi na kukitundika ukutani: asubuhi hesabu, kisha kusoma, mchana Kiingereza, jioni kufagia na kucheza. Ratiba ile haikumaliza wiki mbili. Masomo ya redio yalikuja saa ambayo mmoja wetu yuko bohari, naye mwenziwe yuko kwenye cherehani akishona barakoa za watu waliokwisha kulipa. Karatasi za mazoezi zilizochapwa magazetini zilikuwa kwa Kiingereza, na mtoto wa darasa la tatu alikuwa bado akifundishwa kwa lugha ya nyumbani. Kila swali lilitaka mtu mzima wa kulifasiri, na mtu mzima mwenyewe alikuwa akiamua kila saa: nimalize upindo huu nipate fedha ya unga, au niache cherehani nimweleze mtoto kutoa kwa kukopa?

Ndipo tulipojua ya kuwa kumfundisha mtoto nyumbani si jambo moja kubwa linaloamuliwa mara moja. Ni mambo madogo ishirini kwa siku, na kila moja lina gharama yake. Betri za redio au daftari? Somo lianze kabla ya kuchota maji au baadaye? Mdogo wa miaka minne akilia, nani anyanyuke? Mtoto akikosa jibu mara ya tatu, tuendelee au tumwache apumzike? Mwenye shule anayo kengele ya kumwamulia. Mzazi hana kengele.

Na hapa yatupasa kukiri kosa letu, maana hatuandiki ili tusifiwe. Mwisho wa mwezi wa tatu tulikusanya madaftari tuyatazame. Daftari la kijana wetu wa miaka 8 lilikuwa limejaa nusu. La binti lilikuwa na kurasa nne tu. Tulimgombeza. Akanyamaza, kisha akasema polepole, "Nilikuwa na mtoto." Na kweli, kila tulipotaka nafasi ya kumfundisha kaka yake, tulimpa yeye mdogo ambebe. Kila cherehani ilipozidiwa, tulimpa sufuria. Hatukukaa kikao kuamua kwamba msichana asisome. Tuliamua mambo madogo tu, moja baada ya jingine, na yote yakamwangukia yeye.

Tangu siku ile tulibadili. Kuchota maji kukawa kwa zamu, kijana naye alibeba dumu. Jioni, aliyetoka bohari alimchukua mdogo hata kama mgongo ulikuwa ukimwuma, na binti akapata saa moja na nusu yake mwenyewe, mlango umefungwa. Haikutosha, lakini ilikuwa yake.

Lakini saa hiyo moja na nusu ilitegemea jambo lisilo mikononi mwetu, yaani zamu ya kazi. Wiki za zamu ya mchana, mfanyakazi wa bohari hurudi watoto wamelala. Tulimwendea mkuu wa zamu tukamwomba wiki za mchana zipunguzwe mpaka shule zifunguliwe. Alijibu kwamba ofisi haina habari na watoto wa mtu. Waliotuokoa ni wenzetu. Vijana wawili wasio na watoto walikubali kubadilishana zamu nasi, kwa siri, kwa kuaminiana, na bila karatasi yoyote. Twawashukuru mpaka leo. Lakini twauliza: ikiwa wafanyakazi watatu waliweza kulipanga jambo hili nyuma ya lori, kwa nini chama na mwajiri wasiweze kulipanga mezani?

Liko jambo la pili lililotufunza zaidi. Jirani yetu mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya binafsi. Shule ilipofungwa, mshahara wake nao ukafungwa, kama walivyopatwa walimu wengi wa shule za binafsi nchini. Akaenda kufyatua matofali. Sisi na jamaa wengine watatu tulimwomba awafundishe watoto wetu saba asubuhi tatu kwa wiki chini ya mwembe, wakikaa mbalimbali. Ukazuka mjadala juu ya malipo. Mmoja wetu, mwanachama kabisa mwenye kadi, alisema, "Mwalimu yule yupo tu, hana kazi. Shukrani zatosha."

Tulikataa. Maneno hayo ndiyo anayotuambia mwajiri kila mwaka wa mazungumzo: nje wapo wengi wasio na kazi, nanyi mshukuru mlicho nacho. Tukiyachukia yakitoka ofisini, hatuwezi kuyatumia chini ya mwembe. Tukapatana kila nyumba itoe debe la mahindi kwa mwezi na fedha kidogo, nasi tukazitoa hata mwezi ule ambao cherehani ilikosa kazi. Haukuwa ujira wa kujivunia, lakini ulikuwa ujira.

Baadhi ya ndugu watatupinga. Watasema kuna wazazi wanaopenda wenyewe kuwafundisha watoto nyumbani, na wanafanikiwa, basi malalamiko ya nini? Hatuna ugomvi na wazazi hao. Mtoto anayefundishwa na mtu anayempenda na mwenye nafasi hupata faida kubwa, nasi tuliona hivyo: kijana wetu alijifunza kugawanya kwa kupima vitambaa, na hajasahau. Lakini tazameni neno lile, nafasi. Mzazi anayechagua kufundisha nyumbani mara nyingi yumo katika nyumba ambayo mshahara wa mtu mmoja watosha, au kazi yake yamruhusu kuzipanga saa zake. Mpakua mizigo hana hiari hiyo. Kwake kuchagua bila saa za kufanyia ni maneno matupu.

Wengine watasema kufundisha ni kazi ya serikali na walimu, tusiwapunguzie mzigo wao. Twakubali kwa moyo wote. Hatuandiki ili shule zifungwe au nyumba zichukue mahali pake. Baada ya miezi 22 twajua vizuri kuliko zamani mwalimu anafanya nini, maana tulishindwa na watoto wawili, naye ana darasa zima. Ndiyo maana walimu walipogoma mwezi wa Juni 2022, wale wa masomo ya sanaa wakidai wasiachwe nyuma na nyongeza kubwa waliyopewa wenzao wa sayansi, sisi tulikuwa upande wao. Watoto walikaa nyumbani tena, nasi tukafungua madaftari tena. Mtu mmoja alituuliza kama huko si kuvunja mgomo. Hapana. Kumsomea mtoto wako mezani kwako si kuchukua nafasi ya mwalimu aliyegoma. Kuchukua nafasi yake ni kuingia darasani mwake kwa ujira aliokataa. Tena, mzazi aliyewahi kufundisha nyumbani hawezi kusema mwalimu adai kidogo.

Mwezi wa Novemba mwaka huohuo shule zilifungwa wiki mbili kabla ya siku yake kwa sababu ya Ebola. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba habari hii ilikwisha na korona. Ugonjwa utakuja, mgomo utakuja, mtoto atavunjika mguu akae nyumbani muhula mzima, karo itachelewa naye arudishwe langoni. Kila mara kazi ile itarudi mezani kwetu, na kila mara tutaipokea kama jambo la ghafula.

Sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliweka mwisho wa saa 48 za kazi kwa wiki, likizo ya siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, siku 60 za kazi kwa mama aliyejifungua na siku 4 za kazi kwa baba. Ni haki zilizopiganiwa. Lakini tazameni: sheria yamwona mtoto anapozaliwa, kisha ni kama anapotea machoni pake mpaka naye aje kutafuta kazi. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 156 mwaka 1981, unaohusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, wa kiume na wa kike. Kwa hiyo tunaloliomba si ndoto tuliyoiota sisi mpakani.

Twaleta mbele ya matawi mambo matatu. La kwanza, katika mazungumzo yajayo na waajiri, mkataba wa pamoja uwe na kifungu cha kubadilishana zamu kwa mfanyakazi, mume au mke, ambaye mtoto wake amelazimika kukaa nyumbani, ili kile tulichokifanya kwa siri kifanywe kwa haki. La pili, ofisi za matawi zifunguliwe jioni kwa watoto wa wanachama, maana meza zipo, taa ipo, na mara nyingi hakuna anayezitumia baada ya saa kumi na moja. Na anayewasimamia alipwe. La tatu halihitaji mwajiri wala serikali. Kila mwanachama akirudi nyumbani leo ayatazame madaftari ya watoto wake wote, ayaweke pamoja mezani, aone ni la nani lililo tupu. Halafu ajiulize ni nani aliyekuwa amebeba mtoto.

Binti yetu alirudi shuleni Januari 2022. Kama wengine alipandishwa darasa, akaingia la nne, ambamo masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza, naye mwaka wa kwanza alilia mara nyingi. Alifanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwaka 2025. Wapo wasichana wa rika lake katika mtaa wetu ambao hawakurudi tena, na twawaona kila siku wakiuza mahindi ya kuchemsha kwa madereva wa malori, wengine wana watoto wao mgongoni. Wazazi wao si wabaya kuliko sisi, nao waliamua mambo madogo kama sisi. Tofauti yetu ni madaftari yale tuliyoyakusanya mapema, na wenzetu wawili waliokubali kubadilishana zamu.

Hatutaki elimu ya mtoto wa mfanyakazi itegemee bahati ya namna hiyo. Twaomba jambo hili liandikwe katika ajenda ya mkutano ujao wa tawi.