Nywila ya ofisini si ya kumpa mtoto aende nayo steshenari

Ilikuwa wiki ya kwanza ya likizo ya Desemba. Mwalimu alituma kazi za likizo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, kurasa 34, na kila mtoto alitakiwa kuwa nazo kwenye karatasi.

Mume wangu, ambaye ni mhasibu, alikuwa anakimbilia daladala. Akalituma faili kwenye barua pepe yake ya ofisini, akachana kipande cha karatasi, akaandika anwani na nywila, akampa binti yetu wa darasa la sita pamoja na pesa ya kuprinti. “Nenda steshenari pale kona, ufungue hii, uprinti, urudi.”

Binti akaenda, akarudi na kurasa zote 34 na chenji. Kile kipande cha karatasi hakikurudi, na hakuna aliyekiulizia.

Katikati ya Januari, tukiwa mezani usiku, simu ya mume wangu ikaita. Alikuwa mteja wake wa siku nyingi. “Mzee, siku hizi hata salamu hunipi?” akauliza huku anacheka.

Alikuwa amepokea barua pepe kutoka anwani ya mume wangu. Ankara ilikuwa ya kweli, ya mzigo alioununua, shilingi milioni nane na nusu. Kilichobadilika ni namba ya akaunti ya benki. Barua yenyewe ilikuwa ya Kiingereza kikavu, na hawa wawili kwa miaka sita wameandikiana kwa Kiswahili, wakianza kwa kuulizana habari za watoto. Hilo ndilo lililomfanya apige simu kabla ya kwenda benki.

Usiku ule hatukulala. Mume wangu alibadilisha nywila palepale, akadhani yamekwisha. Asubuhi kijana wa TEHAMA wa ofisini kwao akamwonyesha mengine. Sanduku lake lilikuwa limefunguliwa usiku mara nyingi, kwa wiki kadhaa, kutoka kwenye kifaa ambacho si chake. Aliyeingia alikuwa ameacha maagizo mawili ndani ya mipangilio: kila barua yenye neno “ankara” inakiliwe kwenda anwani ya nje, na kila jibu la yule mteja lipelekwe kwenye folda ambayo mume wangu hakuwahi kuifungua. Nywila mpya haikuwa imeyagusa maagizo hayo. Yaliendelea kufanya kazi hadi yalipofutwa.

Ndipo tukamuuliza binti. Alikuwa anajua. Kompyuta ya steshenari ilimuuliza kama ihifadhi nywila, akabonyeza ndiyo ili iondoke mbele ya macho. Kile kipande cha karatasi alikumbuka jioni ileile kwamba kimebaki kule. “Kwa nini hukusema, mwanangu?” Akainama. “Niliogopa baba atafoka.”

Wiki sita za hofu ya mtoto zilikuwa wiki sita za mwizi kusoma barua kwa raha zake.

Hatujajua hadi leo ni nani. Kompyuta ile inatumiwa na mtaa mzima, na sina haki ya kumnyooshea mtu kidole. Fedha za mteja zilipona. Mume wangu alipata barua ya onyo, na aliistahili.

<b>Mlango wa ofisi umehamia nyumbani</b>

Zamani barua za ofisi zilikaa ofisini. Leo zimo kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza barua za kampuni nzima, na tangu mwaka 2020 wakati wa corona ofisi nyingi zimeifungulia seva hiyo mlango ili wafanyakazi wasome wakiwa nyumbani. Mlango huo haujui sura ya mtu. Ukionyeshwa nywila sahihi unafunguka, awe ni wewe, mwanao au mwizi aliye nchi nyingine.

Wizi wa aina hii ni mkubwa duniani. Mwaka 2023 pekee, kitengo cha FBI cha Marekani kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kilipokea malalamiko zaidi ya 21,000 ya ulaghai wa kupitia barua pepe za kikazi, na hasara ilizidi dola bilioni 2.9. Mara nyingi mwizi anachohitaji ni kuingia kwenye sanduku la mtu mmoja, kukaa kimya, kusoma, na kusubiri ankara.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, haya si mambo ya vijana wa kompyuta peke yao. Nyumbani kwetu tumejiwekea utaratibu huu.

<b>Steshenari</b>

Faili la kuprinti linakwenda kwenye flashi, au tunalituma WhatsApp kwa mwenye duka. Barua pepe ya ofisini haifunguliwi kwenye kompyuta ya watu. Ukilazimika kweli, tumia dirisha la faragha la kivinjari, kataa kuhifadhi nywila, toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka, na ukifika nyumbani badilisha nywila.

Nywila ya ofisini iwe ya ofisini tu. Ukiitumia hiyohiyo Facebook na kwenye duka la mtandaoni, siku duka likiibiwa orodha yake ya wateja, mwizi ataijaribu kwenye barua pepe yako. Iwe ndefu: maneno manne au matano yasiyohusiana ni rahisi kuyakumbuka na ni magumu kuyabahatisha. Jina la mtoto na mwaka aliozaliwa visiwemo, kwa sababu wewe mwenyewe umeviweka kwenye picha za birthday.

<b>Simu anayochezea mtoto</b>

Hapa wengi tunaponea chupuchupu. Mtoto analia, unampa simu aangalie katuni, na barua za ofisi zimo ndani, ziko wazi.

Simu nyingi za Android zina sehemu ya kumfungulia mtumiaji mwingine au mgeni, au ya kubandika programu moja kwenye skrini asiweze kutoka. iPhone nayo ina mpangilio wa kumfungia mtoto kwenye programu moja. Kaa dakika kumi, utafute kwenye mipangilio ya simu yako. Kama mna simu ya zamani inayowaka, hiyo ndiyo iwe ya katuni, na barua ya ofisi isiwekwe humo kamwe.

Usimwachie mtoto apakue michezo mwenyewe. Zipo programu zinazojifanya mchezo huku kazi yake ni kuchota yaliyomo ndani ya simu.

<b>Kufuli la pili</b>

Omba ofisi ikuwekee uthibitisho wa hatua mbili. Mtu akiwa na nywila yako bado ataulizwa namba nyingine ambayo iko kwenye simu yako tu. Namba inayotengenezwa na programu ndani ya simu, inayobadilika kila sekunde 30, ni salama kuliko inayokuja kwa ujumbe mfupi, kwa sababu mwizi akifanikiwa kuhamishia laini yako kwenye kadi nyingine, ujumbe utamfikia yeye. Namba hiyo haombwi na mtu yeyote kwa simu, hata anayejiita wa TEHAMA.

Ofisi nyingine hutumia swali linalojitokeza kwenye skrini: je, ni wewe unayeingia? Fikiria simu iko kwa mtoto, mchezo umekolea, swali linaziba skrini. Atabonyeza ndiyo, kama binti yetu alivyofanya steshenari. Mfundishe sentensi moja: chochote kinachouliza ndiyo au hapana, mletee mama au baba kwanza.

<b>Maswali ya kupeleka kazini</b>

Kuna yaliyo juu ya uwezo wako, lakini unaweza kuyauliza. Je, seva yetu inaonekana na dunia nzima, au lazima kwanza mtu apite kwenye VPN, ile njia iliyofichwa inayomtambua mfanyakazi kabla hajaufikia mlango? Je, mtu akikosea nywila mara nyingi anafungiwa? Je, programu ya seva inasasishwa kwa wakati?

Swali la mwisho si dogo. Machi 2, 2021 Microsoft ilitoa marekebisho ya dharura ya programu yake ya Exchange Server, kwa kuwa wadukuzi walikuwa wamepata matundu ya kuingilia bila nywila yoyote. Kampuni zilizochelewa kuyaweka ziliingiliwa, hata zile zenye wafanyakazi waangalifu.

Uliza pia hili: simu yangu ikipotea, mtafuta barua za ofisi peke yake au simu nzima? Baadhi ya mifumo humpa mwajiri uwezo wa kuifuta simu yote akiwa mbali. Ni kinga nzuri, ila inaweza kuondoka na picha za kipaimara na za mtoto akipiga hatua ya kwanza. Hifadhi nakala ya picha mahali pengine kabla hujakubali, halafu simu ikipotea toa taarifa ofisini saa ileile bila kuhofia picha.

Na kwa wanaoshika fedha: akaunti ya benki ikibadilika kwenye barua, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, siyo iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

<b>Mtoto akikosea</b>

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo lililotugharimu zaidi. Kosa la karatasi lilikuwa la mtu mzima. Mtoto alitumwa na ufunguo ambao hakuambiwa kwamba ni ufunguo. Kama angesema jioni ile ile, nywila ingebadilishwa kabla ya chakula cha usiku na mimi nisingekuwa na cha kuandika leo.

Mtoto anayejua kwamba akikosea atafokewa kwanza na kusikilizwa baadaye, atajifunza kunyamaza. Na mwizi wa mtandaoni hana rafiki mzuri kama kimya cha nyumba.

Baba yake alimwomba msamaha mbele yangu. Siku chache baadaye binti alikuja jikoni, simu yangu mkononi, uso umemkunjamana. “Mama, imeniuliza kitu, sijabonyeza.” Ilikuwa ni programu ya picha tu, inaomba kusasishwa. Nikaacha kukuna nazi, nikafuta mikono, nikaisoma pamoja naye hadi mwisho.