Karatasi ya mapishi haijui mgao wa mwezi huu

Ndugu zangu vijana, na ninyi mnaofanya kazi na mashirika humu kambini, leo tuongelee jiko. Msimamo wangu ni huu: kijana wa kambini afundishwe sababu za mapishi kabla ya vipimo vyake. Akijua kwa nini kila kitu kinaingia sufuriani, atapika popote. Akijua karatasi tu, siku kitu kimoja kikikosekana analala njaa na unga uko ndani ya nyumba.

Karatasi ya mapishi imeandikiwa jiko lenye kila kitu. Inasema gramu 200 za hiki, vijiko viwili vya kile. Nani ana mizani hapa? Sisi tunapima kwa kopo, kwa kiganja, kwa kikombe kilichovunjika mkono. Halafu mgao wenyewe hautulii. Hesabu ya kimataifa ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, lakini hapa Tanzania mwaka 2023 mgao ulishushwa mpaka nusu. Mwezi huu maharage, mwezi ujao mbaazi, na mafuta yanaisha kabla ya siku ya kugawiwa tena. Karatasi haina habari hizo. Mama yako anazo.

Sasa, kujua sababu maana yake nini? Chukua maharage. Ukiyaloweka usiku kucha yanaiva upesi na kuni zinapungua, na kila mwenye dada anayekwenda porini kutafuta kuni anajua kuni si jambo dogo. Nyanya usitie mapema, maana uchachu wake unachelewesha maharage kulainika. Bonyeza moja kwa vidole. Likipondeka, ndipo utie. Huna nyanya? Jiulize ilikuwa na kazi gani. Kama ni uchachu, ndimu kidogo inatosha. Huna mafuta? Karanga za kusaga zina mafuta yake, tena zinafanya mchuzi uwe mzito. Hapo hujabahatisha. Umeuliza kazi ya kitu, ukatafuta kingine kinachoifanya.

Kuna watakaosema kupika bila karatasi ni hatari. Kweli, kuna mambo jikoni ambayo hayana mchezo. Muhogo mchungu lazima umenywe, ulowekwe siku kadhaa na kuanikwa. Ukiharakishwa, sumu inabaki, na huko kwetu Kongo na hata hapa Tanzania watu wamepooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Maharage mekundu lazima yachemke sawasawa, yakitokota kweli kweli. Ukiyaacha kwenye makaa ya uvuguvugu yakalainika nusu, yanaleta kutapika. Hayo hatubadilishi. Lakini angalieni: hata hayo mtu anayashika vizuri zaidi akijua sababu.

Mfano mzuri ni mfuniko. Kwenye mafunzo tunaambiwa: funika sufuria, okoa kuni. Kwa maharage ni sawa kabisa. Kwa sombe, hapana. Majani ya muhogo tunayatwanga ili sumu iachiliwe, kisha tunayachemsha sufuria ikiwa wazi ili itoke na mvuke. Aliyekariri "funika" atafunika vyote viwili. Anayejua mfuniko unazuia nini, atajua lini aufunue. Bibi zetu walijua hili bila darasa, yaani walikuwa na elimu, ila haikuandikwa.

Ndiyo maana naomba vijana, wavulana na wasichana, tukae na hao mama wakati bado tunao. Kaka, usiniambie jiko ni la wanawake. Mgao ukiisha, njaa haichagui. Pika chakula kimoja mara tano, na kila mara badilisha kitu kimoja tu, ili ujue kilichobadilisha ladha. Onja kila hatua. Chumvi anza na kidogo, kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza. Ugali usiuhesabie dakika: anza na uji, uache uchemke, ongeza unga mpaka mwiko uwe mzito mkononi, songa mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Mkono na pua ndiyo saa yako.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, nina maombi mawili. Kwanza, mkifundisha lishe, pikeni kwa kile kilichotoka kwenye mgao wa mwezi huo, kiasi kile kile, kwenye mafiga yale yale. Kuonyesha mboga yenye mayai na karoti kwa mama ambaye hana hata kitunguu ni kumwambia kwamba shida yake ni kutojua, wakati shida yake ni kukosa. Pili, huyo mama aliyelisha watoto sita kwa nusu mgao asikalishwe kwenye benchi la wanafunzi peke yake. Asimame mbele afundishe, na posho ya mwalimu apewe na yeye.

Kesho mmoja wetu atakuwa Nakivale, mwingine Dzaleka, mwingine Marekani ambako sombe hununuliwa ikiwa imegandishwa kama jiwe. Mawese huenda yasipatikane, ndagala huenda zikawa za bei ya nyama. Sufuria tutaiacha, kinu tutakiacha, maana hakuna anayepanda gari na kinu. Tutakachobeba ni kile tulichokielewa. Basi wiki hii muulize mtu mzima wa nyumbani kwenu swali moja tu, naye akiwa jikoni: "Kwa nini unafanya hivyo?" Kisha utuandikie jibu alilokupa.