Kabla ya Kumkabidhi Mpasuaji Uso Wako

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, msichana wa kundi la Kiro alinisubiri karibu na mlango wa sakristia. Ni mmoja wa wale niliowaandaa kwa Komunyo ya kwanza, na baadaye nikamfundisha sayansi shuleni. Aliniuliza kwa sauti ya chini: «Papa Mwalimu, kukazwa ngozi ya uso ni dhambi?»

Nilidhani anajiulizia mwenyewe, na nilikaribia kucheka, maana ana miaka 19 na uso wake hauna hata mkunjo mmoja. Kumbe aliuliza kwa ajili ya mama yake. Mama huyo ana miaka 51, anauza vitenge hapa Lubumbashi, na mara mbili kwa mwaka husafiri hadi Istanbul kununua mali. Katika safari ya mwisho mwenzake alimpeleka kwenye kliniki, akatajiwa bei, akapewa tarehe, akalipa arbuni. Pesa zilizosalia angezipata katika likelemba, zamu yake itakapofika. Nyumbani hakumwambia mtu ila binti yake, tena kwa kumwapisha asiseme. Mtoto alikuwa ameibeba siri hiyo kwa majuma matatu. (Naandika haya kwa ruhusa ya wote wawili.)

Sikumjibu kama ni dhambi. Nilimwuliza: «Mama anajua watakata wapi?» Hakujua. Siku chache baadaye nilitambua kwamba hata mama hakujua. Alikuwa amelipa pesa ili akatwe uso, naye hajui kisu kitapita wapi. Vijana wapendwa, jambo hilo lilinisumbua kuliko swali la dhambi, na ndilo lililonifanya niandike.

Mimi si daktari. Nimesomea ualimu, na kwa miaka mingi nimeuchora mwili wa mwanadamu ubaoni kwa chaki za rangi. Tuanze basi kwa mchoro. Ngozi ya uso haikubandikwa juu ya mfupa kama karatasi juu ya ukuta. Chini yake kuna mafuta, chini ya mafuta kuna utando mgumu ulioshikamana na misuli inayotuwezesha kucheka na kununa, na chini ya utando huo hupita neva. Madaktari wawili wa Kifaransa, Mitz na Peyronie, waliueleza utando huo kwa usahihi mwaka 1976, na tangu hapo wapasuaji wengi hawavuti ngozi peke yake: huukaza utando kwanza, ndipo hulaza ngozi juu yake na kukata ile inayozidi. Mkato wa kawaida huanzia ndani ya nywele za panja, hushuka mbele ya sikio, huzunguka ndewe, hupanda nyuma ya sikio na kuishia katika nywele za kisogo. Ngozi yote ya shavu huinuliwa kutoka mahali pake. Neno «kukaza» ni dogo mno kwa kazi kubwa namna hiyo.

Neva inayoendesha misuli ya uso hutokea karibu na sikio, ikapita ndani ya tezi ya mate, kisha ikagawanyika kuwa matawi makuu matano, yaendayo kwenye kipaji, jicho, shavu, taya na shingo. Tawi likijeruhiwa, pembe ya mdomo huanguka au jicho hukataa kufumba. Mara nyingi hali hiyo hupona kwa miezi. Mara chache haiponi kabisa. Kuna pia neva nyingine inayoleta hisia kwenye sikio, nayo hujeruhiwa mara nyingi zaidi, hata mtu akashika ndewe yake asisikie kitu. Lakini tatizo linaloonekana kuliko yote ni damu kuvilia chini ya ngozi, hasa katika saa 24 za kwanza. Mwenye tansio ya juu yumo hatarini zaidi. Wavulana nao wasicheke: kwa wanaume damu huvilia mara nyingi zaidi, kwa sababu ngozi yenye ndevu ina mishipa mingi ya damu. Anayevuta tumbaku anaweza kuona ngozi ya nyuma ya sikio ikifa na kuwa nyeusi, kwa kuwa moshi hubana mishipa midogo. Ndiyo maana madaktari huagiza kuacha tumbaku majuma kadhaa kabla. Aspirini nayo huzuia damu kuganda, kwa hiyo daktari lazima ajue kama unaimeza.

Kwa ngozi yetu nyeusi kuna neno la pekee. Rangi yetu hutukinga na jua, na kwa sababu hiyo mikunjo hutujia kwa kuchelewa. Lakini ngozi hiyo hiyo huelekea zaidi kuota kovu nene linalokua kupita jeraha lenyewe, yaani keloidi, na mahali mojawapo inapopenda kuota ni kwenye sikio. Wengi wenu mmeona ndewe iliyovimba kama jiwe baada ya kutogwa tu. Basi mtu ambaye yeye, mama yake au shangazi yake aliota kovu la namna hiyo, na afikiri mara mbili kabla ya kuruhusu mkato uzunguke masikio yote mawili. Na aliye na ugonjwa wa SS amwambie daktari wa dawa ya usingizi tangu siku ya kwanza.

Baada ya hayo yote, upasuaji huo unatoa nini? Hukaza mashavu, taya na shingo. Hauondoi mikunjo midogo ya midomo, hauondoi madoa, haung'arishi rangi, wala hausimamishi miaka. Uvimbe na michubuko hukaa majuma mawili au zaidi, na sura yenyewe huweza kuchukua miezi 6 hadi 9 kutulia. Picha za «kabla» na «baada» mnazoziona katika simu hazionyeshi majuma hayo. Nyingi zimepigwa kwa mwanga tofauti, mwanamke wa kwanza hana poda na anatazama chini, wa pili amepakwa rangi na ameinua kidevu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo msichana yule hakulitaja hadi nilipomwuliza mara ya pili. Mama yake amejipaka mafuta ya kung'arisha ngozi kwa zaidi ya miaka kumi. Kliniki haikumwuliza, naye hakusema, kwa sababu aliona aibu. Hapa, vijana, naomba msome polepole.

Mafuta hayo yanayouzwa sokoni mara nyingi huwa na kimojawapo cha vitu vitatu: hidrokwinoni, zebaki, au dawa kali ya aina ya kotizoni kama klobetasoli. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku hidrokwinoni katika vipodozi vya kung'arisha ngozi mwaka 2001. Zebaki huharibu figo. Lakini kwa mtu anayekwenda kupasuliwa, hatari ya kwanza ni ile kotizoni. Ikipakwa mwilini miaka mingi, ngozi hukonda kama karatasi iliyolowa, mishipa yake hupasuka kwa kuguswa, kidonda huchelewa kufunga, na nyuzi za mshono hukosa mahali pa kushika. Zaidi ya hapo, dawa hupenya hadi katika damu, ikapandisha sukari na tansio. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo itengenezayo kotizoni yetu ya asili, ile inayoupa mwili nguvu ya kuvumilia pigo kubwa. Tezi hiyo ikizoea kuletewa kotizoni kutoka nje, hulala. Siku ya upasuaji mwili huiita, nayo haiamki; tansio huanguka, na mtu anaweza kufa mezani bila mpasuaji kuelewa sababu. Mgonjwa aliyeficha kopo la mafuta amemficha daktari wake jambo ambalo lingemwokoa. Wala asiache mafuta hayo ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe: daktari wa ngozi ndiye atakayempangia namna ya kupunguza.

Nimesikia pia wakisema kwamba Ulaya na Uturuki hakuna hatari, eti hatari ni za kwetu. Stella Obasanjo, mke wa rais wa Nigeria, alifariki Hispania mwezi Oktoba 2005 baada ya kupasuliwa katika kliniki ya kibinafsi ili kupunguzwa mafuta ya tumbo. Haukuwa upasuaji wa uso, lakini lilikuwa tamanio la namna moja, na huyo alikuwa mtu aliyeweza kulipa popote duniani. Mwaka 2009 mahakama ya Hispania ilimhukumu daktari aliyemhudumia. Istanbul ina wapasuaji hodari sana, nami siwadharau. Swali langu ni jingine: nani atafungua bandeji ukiwa umerudi Lubumbashi? Huduma ya afya ya Uingereza hushauri mtu aliyefanyiwa upasuaji huo asipande ndege kwa siku 7 hadi 10, kwa sababu damu huweza kuganda miguuni na kusafiri hadi mapafuni. Mama yetu alikuwa amekata tiketi ya kurudi siku ya nne. Mtu na aulize jina la mpasuaji mwenyewe, siyo la kliniki tu. Aulize amesomea wapi na ameandikishwa wapi. Nani atamlaza usingizi. Kama kuna chumba cha wagonjwa mahututi. Na nani atalipa damu ikivilia usiku. Kliniki inayochukia maswali hayo imekwisha kujibu.

Baada ya hapo ndipo nirudi kwenye dhambi. Katika jumuiya zetu wapo wanaosema kwa haraka kwamba kubadili uso ni kumtukana Muumba. Mmoja wa wanaosema hivyo ana meno manne ya bandia, nami nayafurahia, maana yanamwezesha kusoma somo la kwanza vizuri. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano kabla ya kufa kwake, Baba Mtakatifu Pio XII aliwahutubia wapasuaji wa Italia wanaorekebisha maumbile. Hakuwafukuza. Alikubali kwamba uzuri wa mwili ni kitu chema, ingawa si chema kilicho juu ya vyote, na kwamba hukumu hutegemea nia na mazingira. Alichokataa ni kujibadilisha ili kumvuta mwingine katika uovu, au mhalifu kujificha asikamatwe, au kuharibu kazi ya kiungo kwa ajili ya majivuno. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2289, nayo inaonya juu ya kuufanya mwili kuwa mungu. Kati ya hayo mawili kuna uwanja mpana ambamo dhamiri ya mtu inapaswa kufanya kazi, na dhamiri isiyojua kisu kitapita wapi haina vifaa vya kufanyia kazi hiyo.

Tena tusisahau kwamba upasuaji huu ulikomaa kwa huruma. Baada ya mwaka 1917, katika hospitali ya Sidcup nchini Uingereza, Harold Gillies aliwatengenezea nyuso maelfu ya askari waliovunjwa taya na pua na mizinga ya vita. Huko Paris, mwanamke daktari Suzanne Noël naye aliwahudumia majeruhi, na mwaka 1926 alichapisha kitabu juu ya faida ya upasuaji wa urembo katika jamii. Wengi wa wanawake waliomjia hawakutafuta wachumba. Walitafuta kubaki kazini, kwa kuwa matajiri wao waliwafukuza walipoonekana wazee.

Nilipomsimulia mama yule habari hiyo alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba wateja wake vijana wamehamia kwa muuzaji wa meza ya jirani, msichana mwenye uso laini, na kwamba siku moja mmoja alimwita «koko» mbele ya watu, yaani bibi kizee, wakacheka. Vijana wangu, waliocheka huenda ni miongoni mwenu. Naona ugumu kumhukumu mwanamke anayelisha watoto watano kwa meza ya vitenge na ambaye ameona mikunjo yake ikimnyang'anya wateja. Tena mimi mwenyewe, kabla ya harusi ya binti yangu, nilipaka nywele dawa nyeusi, kichwa kikawasha siku tatu, na kwenye picha nafanana na mtu aliyevaa kofia.

Lakini kwamba namwelewa si kusema kwamba nimekubaliana naye. Maoni yangu nilimpa waziwazi: kwa ngozi iliyokonda namna ile, kwa tansio anayoitibu akikumbuka tu, na kwa tiketi ya siku ya nne, asiende. Afya yake ndiyo mtaji wa nyumba nzima. Kama bado anataka baada ya mwaka mmoja, ngozi ikiwa imetibiwa, basi na aende na mtu wa kumshika mkono.

Alhamisi moja jioni alikuja nyumbani na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na tyubu tatu na kopo moja lisilo na maandishi. Tulizisoma chini ya taa, binti akiwa ameshika miwani yangu kama kioo cha kukuzia. Tyubu mbili zilikuwa na klobetasoli. Binti aliandika majina yote katika ukurasa wa daftari, na juu ya lile kopo akaandika: «Haijulikani». Juma lililofuata walikwenda na ukurasa huo kwa daktari wa ngozi. Kliniki ilikataa kurudisha arbuni, ila ilikubali kusogeza tarehe. Zamu ya likelemba ilipofika, alinunua vitenge. Ameniambia kwamba bado hajaamua, na kwamba akiamua kwenda, binti atafuatana naye na daftari lile mkononi.