Dirisha Kwanza, Swichi Baadaye

Leo nataka kugombana na watu, tena watu wa chama changu: sisi tunaojenga simuleta za ndege nyumbani. Kwa mgeni wa mambo haya, simuleta ni programu ya kompyuta inayoiga urukaji wa ndege, pamoja na kiti, usukani na skrini ambazo mtu huzipanga chumbani ili afanye kazi ya rubani bila kutoka ardhini.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mtu akianza mradi kama huu, aghalabu huanza na swichi. Ananunua usukani, pedali, kisanduku cha redio na vitaa vya kijani, kisha anachonga paneli nzima mpaka ifanane na ya Boeing 737. Pesa zikiisha, mbele ya utukufu wote huo anaweka skrini moja ya inchi 24. Ndege nzima, dirisha la kioski!

Mimi nasema mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Dirisha kwanza, swichi baadaye. Wala sisemi hivyo kwa ajili ya urembo.

Tupige hesabu. Skrini ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 hivi. Ukikaa umbali wa sentimita 70, inajaza digrii 41 au 42 mbele ya macho yako. Binadamu anayetazama mbele huona karibu digrii 200 kutoka upande hadi upande. Kwa hivyo umejinyima sehemu nne kati ya tano za dunia, halafu unajisifu kuwa swichi ya taa za kutua ni ya chuma halisi.

Na ni nini kilicho katika hizo sehemu nne? Uwanja wa ndege wenyewe! Mwanafunzi wa urubani hutumia saa nyingi akizunguka uwanja: anaruka, anapinda, anarudi sambamba na njia ya ndege, anapinda tena, anatua. Anaporudi sambamba katika mzunguko wa kushoto, njia ile iko digrii 90 kushoto kwake. Kwa kawaida hupinda kuelekea kutua pale mwanzo wa njia unapofika digrii 45 nyuma ya bawa, yaani digrii 135 kutoka puani mwa ndege. Mwenye skrini ya digrii 42 haoni lolote kati ya hayo. Afanyeje? Anakodolea mita na ramani, anapinda kwa kubahatisha. Wakufunzi wamelalamika kwa miaka kuhusu wanafunzi wanaotoka kwenye kompyuta wakiwa wamezoea kuinamia mita badala ya kutazama nje. Mwanafunzi huyo atalipia saa halisi za ndege ili afundishwe kuacha tabia aliyojifunzia nyumbani.

Na kutazama nje si pambo. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyotoka Wilson na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana hewani juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wawili waliokuwa ndani ya Cessna walikufa. Simuleta ya nyumbani haimkingi mtu na ajali, wala si kazi yangu kutoa hukumu juu ya ajali ile. Ninachosema ni kwamba anga ya Wilson ina ndege ndogo nyingi, na macho ya rubani ni sehemu ya ulinzi wake. Basi kifaa cha kujizoeza kisifundishe macho kulala.

Kuna na suala la mwendo. Umewahi kukaa kwenye matatu stejini, ile ya kando ikarudi nyuma, ukahisi ni yako inayokwenda mbele? Kiti hakikusogea hata kidogo. Ubongo ulidanganywa na picha iliyojaa pembeni mwa macho. Hiyo ndiyo kazi ya skrini pana: ndege ikilala upande, unahisi mwili unalala. Hata katika kutua, mwanafunzi hufundishwa kutazama mbali, mwisho wa njia, huku pembe za macho zikimwambia ardhi inakaribia kwa kasi gani. Skrini ndogo haina pembe hizo.

Wenye sheria wanalijua hili. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, inadai simuleta za madaraja ya juu, C na D, ziwe na picha isiyokatika ya angalau digrii 176 kwa upana na 36 kwa urefu. Madaraja ya chini, A na B, yanaruhusiwa digrii 45 kwa 30. Skrini yako ya inchi 24 haifiki hata hapo.

Najua kuna atakayenitajia Edwin Link, Mmarekani aliyejenga mashine yake ya mafunzo mwaka 1929 kwa mifuko ya hewa na vali za kiwanda cha vinanda cha babake. Mwanzoni iliwekwa kwenye viwanja vya burudani kama mchezo, na mwaka 1934 jeshi likainunua. Haikuwa na picha ya nje, na marubani wengi walifunzwa nayo. Kweli kabisa! Lakini ilifundisha kuruka ndani ya mawingu, ambako hakuna cha kuona. Wewe unayejifunza kuzunguka uwanja mchana kweupe huna kisingizio hicho.

Haya, tutajengaje? Kwanza, usidhani utaongeza pembe ya kamera kwenye programu na kumaliza. Picha bapa hutanuka kufuata tanjenti ya pembe. Kwa kamera ya digrii 60, vitu vya ukingoni hutanuka mara 1.33 kuliko vya katikati. Kwa digrii 120, mara 4. Kwa 180 hesabu inakataa, kwa sababu tanjenti ya 90 haina mwisho. Ndiyo maana tunatumia kamera tatu na projekta tatu, kwenye ukuta uliopinda kama nusu ya silinda.

Ukichagua nusu kipenyo cha mita 1.5, utahitaji ukuta wa urefu wa mita 4.7 na chumba cha upana wa mita 3 na ushei. Plaiwudi nyembamba inapindika, na seremala yeyote wa Gikomba atakutengenezea fremu. Paka kijivu hafifu kisichong'aa, kwa maana ukuta uliopinda hujimulika wenyewe, na weupe mtupu utafifisha picha. Kila projekta ibebe digrii 67 na ipandane na jirani yake kwa digrii 10. Jumla ni 180 hivi. Tena usiupange ukuta sawa kwa sawa! Uzungushe kushoto, 135 kushoto na 45 kulia, na ile kona ya kupinda kuelekea kutua itaonekana.

Sasa sisi waandika programu tupate kazi yetu. FlightGear ni programu huria, mradi ulioanza mwaka 1996. Unaweza kuipa kamera kadhaa, kila moja na mwelekeo wake, au kuunganisha kompyuta kadhaa kwa mtandao, na msimbo wake uko wazi. Kukunja picha ifuate silinda ni suala la kuibandika juu ya wavu wa pembetatu na kusogeza ncha zake. Pale projekta mbili zinapopandana, punguza mwanga wa kila moja, lakini kumbuka gama. Kwa gama ya 2.2, nusu ya thamani ya pikseli hutoa asilimia 22 tu ya mwanga, na mbili zikijumlishwa ni 44, kwa hivyo utaona mstari mweusi angani. Thamani sahihi ya katikati ni asilimia 73. Hesabu ya kidato cha nne hiyo, na kuna watu wanauziwa kisanduku cha kuifanya.

Pingamizi zipo. Pikseli 1,920 kwa digrii 67 ni 29 kwa kila digrii, ilhali jicho zuri hutambua 60. Ndege ya mbali itakuwa na ukungu. Nakubali, ila afadhali ukungu kuliko kutokuwepo kabisa. Stima nayo: projekta tatu za taa za watt 250 ni watt 750, na stima ikipotea kabla taa hazijapoa, taa huumia. Weka UPS. Je, miwani ya uhalisia pepe? Ni rahisi zaidi, na ukigeuza kichwa unaona kote. Lakini inakuficha mikono yako mwenyewe, na mkufunzi aliyeketi kando hamwoni mwanafunzi anaangalia wapi. Kama unaruka peke yako na huna nafasi, ichukue. Hata hiyo ni dirisha kabla ya swichi, kwa hivyo wewe uko upande wangu.

Saa za simuleta isiyoidhinishwa haziingii kwenye kitabu cha rubani. Kinachobaki nazo ni tabia tu: ama macho yanayotafuta nje, ama macho yanayoinamia vitaa vya kijani. Ukiwa na shilingi zako mkononi, kabla hujalipia swichi ya kwanza, jiulize unanunua tabia gani.