Hatuendi Kuhesabu Vidole

Wako wanaodai kwamba Konseto ya Tatu ya piano ya Sergei Rachmaninoff ni mbio za vidole tu, na kwamba aingiaye ukumbini huenda kutazama mpigaji akishinda au akianguka. Filamu ya Shine ya mwaka 1996, iliyomwonyesha mpigaji akizimia baada ya kuipiga, iliukoleza uzushi huo.

Twaupinga. Kazi hii, iliyosikika kwanza New York mwaka 1909, mtunzi mwenyewe akiwa kwenye piano, huanza kwa upole: mikono miwili yaimba wimbo mmoja usio na makeke. Na pale piano inapoachwa peke yake, Rachmaninoff aliandika njia mbili. Alipoirekodi, akashika iliyo nyepesi. Je, naye alikuwa mwoga?

Ngurumo zinapotulia, filimbi huurudia wimbo ule, kisha zumari, klarineti na baragumu, piano ikiwapambia kwa chini. Unyenyekevu huo santuri huusikilizisha, ukumbi huuonyesha.

Nasi wapenzi wa ushairi twajua: hakuna shairi lililodumu kwa ugumu wa vina vyake pekee. Basi tega sikio, ndugu msomaji. Vidole havina hesabu.